Kaka na mdogo wake wana ALD: kila mmoja na ratiba yake

Adrenolukodistrofia, au ALD, ni ugonjwa wa kurithi unaoshambulia ubongo, uti wa mgongo na tezi za adrenali; hutokana na hitilafu kwenye jeni ABCD1 iliyo kwenye kromosomu ya X. Katika ukoo mmoja hitilafu ni ileile, lakini kaka anaweza kuharibika ubongo akiwa na miaka 7, mdogo wake akapungukiwa homoni tu, na mjomba wao akaanza kukakamaa miguu baada ya 30. Hata mapacha wa kufanana wamewahi kutofautiana.

Kipimo cha damu cha asidi za mafuta zenye mnyororo mrefu sana, C26:0, huthibitisha kwamba mvulana ana ALD. Hakitabiri itamshika wapi. Msilinganishe majibu ya watoto wawili mkadhani mwenye namba ndogo amepona.

MRI (picha ya sumaku) ya ubongo ya kwanza isivuke miaka 2, irudiwe kila miezi 6 hadi afikishe 12, kisha kila mwaka. Tafadhali msisubiri mwalimu alalamike kwamba hasikii au mwandiko umeharibika. Kupandikiza uboho huzuia uharibifu kuendelea, na hata hivyo baada ya miezi kadhaa tu; hakurudishi kilichopotea. Ndugu akijitolea kuchangia uboho, apimwe ALD kwanza hata kama ana afya tele.

Tezi za adrenali, zile zilizo juu ya figo, zina hatari yake. Utotoni pimeni kortisoli ya asubuhi, homoni ya tezi hizi, na ACTH, homoni inayoziamuru kuitengeneza, kila miezi 3 hadi 6. Kwa watoto wetu weusi, ngozi kukolea rangi, dalili ya tezi hizi kushindwa kazi, hupita bila kuonekana, ikasemwa ni jua. Tazameni fizi, mikunjo ya viganja na makovu. Kutapika na kutamani chumvi pia ni dalili.

Anayetumia haidrokotisoni, dawa inayofidia kortisoli, akipata homa, dozi huongezwa mara 2 au 3 kama daktari alivyoandika. Akitapika vidonge, achomwe sindano ya haidrokotisoni: miligramu 25 chini ya miaka 3, 50 kwa wa miaka 3 hadi 12, 100 kwa aliyezidi hapo, kisha hospitali mara moja. Dawa hiyo haikingi ubongo, kwa hiyo MRI ziendelee.

Dada zao nao wasisahaulike. Mama mwenye jeni yenye hitilafu humrithisha kila mtoto, wa kike au wa kiume, kwa uwezekano wa nusu. Baba mgonjwa huwarithisha mabinti wote, lakini hamrithishi mwana wa kiume hata mmoja. Kwa wanawake C26:0 inaweza kuwa ya kawaida, hivyo ombeni kipimo cha jeni, mkiwa na nakala ya majibu ya kaka yao ili maabara ijue hitilafu ya kutafuta.