Re: Bendera nyekundu na nyeusi ya Nicaragua ni ya nchi au chama?

Mkuu, hiyo uliyoiona pembeni ya ile ya taifa ya bluu na nyeupe ni ya chama, FSLN, yaani chama cha Wasandinista cha kina Daniel Ortega anayetawala nchi, juu nyekundu chini nyeusi na herufi nyeupe. Rangi zenyewe ni za Sandino, yule jamaa aliyepigana na wanajeshi wa Marekani kuanzia 1927, na inasemekana alizitoa kwa vyama vya wafanyakazi Mexico alikokuwa anapiga kazi. Vyama vingine vya huko, Liberali wao nyekundu tupu, Konsavativu kijani. Kituko ni kampeni ya urais ya 2006, Ortega akapaka mabango pinki ili asiwatishe watu, akashinda! Halafu 2025 katiba ikabadilishwa, bendera ya chama nayo ikawa alama ya taifa, so swali lako lina mantiki kabisa.