Ini lililopozwa si ini lililogandishwa

Mwalimu mmoja wa Kiswahili katika shule ya sekondari mjini Jinja ameniandikia kuhusu zoezi la tafsiri. Wanafunzi wake walipewa habari ya kitabibu, na mmoja wao akaandika hivi: "Ini la mfadhili lililogandishwa hukarabatiwa na mashine nje ya mwili kabla ya kupandikizwa kwa mgonjwa." Mwalimu anauliza kama ini linaweza kukarabatiwa, au kitenzi hicho ni cha nyumba na barabara tu.

Swali lako nitalijibu, Mwalimu, lakini uniwie radhi nianze na neno ambalo hukuliuliza, kwa sababu nimelivumilia miaka mingi na sasa limeingia hadi katika chumba cha upasuaji. Neno hilo ni "lililogandishwa". Siku hizi chochote kinachowekwa mahali pa baridi husemwa kimegandishwa: soda ya dukani, nyama ya jana, dawa ya sindano, na sasa ini la binadamu. Kuganda, kwa asili yake, ni kushikamana na kuwa kitu kigumu. Ruba huganda mguuni, maziwa huganda yakawa mgando, damu huganda kwenye kidonda, maji huganda yakawa barafu. Kitu kikipungua joto tu bila kubadilika umbo, hakijaganda. Kimepoa, na aliyekitia baridi amekipoza.

Nenda Ggaba asubuhi, wakati mitumbwi inarudi, usimame mbele ya meza ya muuza samaki. Ngege aliyevuliwa usiku amelazwa juu ya barafu iliyopondwa. Mbonyeze kwa kidole gumba: nyama itazama kidogo, kisha itarudi juu. Sasa mchukue ngege aliyelala katika friza wiki nzima, umwache ayeyuke, umbonyeze vilevile. Shimo la kidole litabaki palepale, nyama itaachana vipande, na chini ya sahani utaona maji yenye wekundu yakijikusanya. Maji hayo yalikuwa ndani ya seli. Yalipoganda yalitanuka na kugeuka fuwele zenye ncha, nazo zikachana utando wa seli, kama maji yanavyopasua chupa iliyosahauliwa katika friza. Muuza samaki analijua jambo hili kuliko waandishi wetu wengi wa habari, kwa maana atakwambia waziwazi "huyu ni wa barafu" na "huyu ni wa friza", na bei atakupa mbili tofauti. Ngege wa friza bado analiwa, lakini ini lililoganda namna hiyo haliwezi tena kufanya kazi ndani ya mtu.

Ndiyo maana madaktari hawaligandishi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 njia ya kawaida imekuwa kulisafisha ini kwa majimaji maalumu, ambayo mashuhuri zaidi yalitengenezwa na Folkert Belzer na James Southard katika Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani, kisha kulitia katika mifuko ndani ya sanduku lenye barafu. Barafu huwa nje ya mifuko, na ini lenyewe hukaa kwenye nyuzi 4 hivi za Selsiasi. Kwa baridi hiyo seli hupunguza kazi na mahitaji yao ya oksijeni hushuka sana, lakini haziachi kabisa kudhoofika, na kwa hiyo madaktari hujitahidi kulipandikiza kabla saa 12 hazijapita. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walieleza jinsi walivyoyapoza maini ya binadamu hadi nyuzi 4 chini ya sifuri na kuyahifadhi kwa saa 27, na ustadi wao wote, kuanzia dawa walizoyatia hadi namna walivyoondoa hewa katika mfuko, ulikuwa wa kuzuia fuwele hata moja ya barafu isitokee. Hata chini ya sifuri, ini halikugandishwa. Nikisoma basi kwamba ini limegandishwa nikiwa najua hayo, siwezi kunyamaza.

Tena sentensi ya mwanafunzi inataja mashine, na hapo neno hilo linakosea mara ya pili. Mashine iliyotoka Oxford, ambayo ini lililohifadhiwa nayo lilipandikizwa kwa mara ya kwanza jijini London mwaka 2013, hailipozi ini hata kidogo. Hulishika kwenye nyuzi 37, joto la mwili, na kulipitishia damu yenye oksijeni kwa kupitia mishipa yake mwenyewe. Ini huendelea kuishi: rangi yake ya kahawia hurejea, nyongo hutiririka katika mrija, na daktari hupima kama linaondoa asidi ya laktati kwenye damu, yaani huona likifanya kazi kabla hajampasua mgonjwa. Katika kazi hiyo yote adui mkubwa ni damu kuganda, na kwa hiyo hutiwa heparini ili isigande. Kwa hiyo ini hili likipozwa haliruhusiwi kuganda, na likipashwa joto damu yake hairuhusiwi kuganda, halafu sisi tunakuja na kuliita lililogandishwa.

Mtu asiniambie kwamba huku ni kuchagua maneno kwa anasa. Miaka kadhaa iliyopita niliingia katika kituo kimoja cha afya na kuona kikaratasi kimebandikwa kwenye mlango wa jokofu la chanjo, kimeandikwa kwa kalamu nyeusi: "CHANJO ZIGANDISHWE WAKATI WOTE." Chanjo ya homa ya ini aina ya B hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, nayo ikiganda huharibika na haimkingi tena mtoto. Aliyeandika alimaanisha zipozwe. Muuguzi mzoefu angeelewa. Lakini kijana aliyeajiriwa juzi, mwenye kutii maandishi, je? Niliomba kalamu nikakirekebisha palepale, na mkono ulikuwa ukinitetemeka.

Lugha yenyewe haikutunyima neno. Tuna kupoa na kupoza, na karibu kabisa na hayo tuna kupona na kuponya. Wasemaji wa Luganda miongoni mwetu wanaijua jozi hiyo kwa sura nyingine: okuwola ni kupoa, okuwona ni kupona. Barafu tuliipata kutoka Kiajemi, baridi kutoka Kiarabu, lakini kupoa ni kwetu, na ndilo neno linalofaa hapa.

Sasa kukarabati. Hapa sina hasira nyingi, Mwalimu. Kukarabati ni kurudisha jengo, daraja au barabara katika hali yake, na mwanafunzi anayelipeleka neno hilo kwenye ini ameelewa jambo, ingawa amelivalisha nguo za fundi mwashi. Kiungo kilicho hai hutibiwa. Huko Zurich, kikundi cha Pierre-Alain Clavien kiliripoti mwaka 2022 kwamba ini lililokataliwa na vituo vingine lilikaa kwenye mashine siku 3, likapewa viuavijasumu na homoni, uvimbe uliotiliwa shaka ukachunguzwa na kuonekana si saratani, kisha likapandikizwa kwa mgonjwa aliyekuwa mzima mwaka mmoja baadaye. Hayo ni matibabu, isipokuwa mgonjwa ni ini peke yake. Mimi ningependelea kuganga, kitenzi cha wazee kinachobeba mambo mawili kwa pamoja: kuunga kilichovunjika na kutibu kilichougua. Ni kilekile cha "yaliyopita si ndwele, tugange yajayo". Anayekiona kizito na aseme kutibu, sitamlaumu.

Neno "mfadhili" nalo libadilishwe. Hapa Uganda wafadhili ni watu wa fedha na miradi. Anayetoa kiungo aitwe mtoaji au mchangiaji. Tangu sheria ya uchangiaji na upandikizaji wa viungo ya mwaka 2023, na figo ya kwanza kupandikizwa katika hospitali ya Mulago, Kampala, mwezi Desemba mwaka huohuo, maneno haya yameanza kusemwa na familia zetu wenyewe kando ya vitanda. Wenye kuhitaji ini bado husafiri India na kwingineko, na jamaa wanaobaki nyumbani huuliza kwa simu ini limefikishwaje. Wanastahili jibu lisilowatisha bure.

Mwandikie mwanafunzi wako hivi: "Ini la mtoaji hupozwa, au huwekwa kwenye mashine inayolipitishia damu yenye joto la mwili, na huko hutibiwa nje ya mwili kabla ya kupandikizwa kwa mgonjwa." Alama za kukarabati unaweza kumrudishia nusu. Za kugandisha usimpe hata moja, ila umweleze sababu, na ikiwezekana umpeleke sokoni akawabonyeze samaki wale wawili.