Kabla ya kuutupa, kwaruza gome

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa: “Mti wa maua ukinyauka kwenye chungu, ununue mwingine au uuokoe?” Kwangu swali linaanza mapema zaidi: nani ameunyausha? Mara nyingi ni sisi wenyewe, tena kwa mkono wa upendo.

Nakaa Himbi, hapa Goma. Hibiskusi yangu nyekundu ilitokana na kijiti alichonikatia marehemu mama. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021 hatukuondoka. Tuliondoka tarehe 27, gavana alipoamuru mitaa kumi ihame, na barabara ya kwenda Sake, ilivyofurika watu waliokimbia siku ile, hakuna asiyeikumbuka. Nilibeba watoto, godoro na sufuria moja. Mti nikauacha barazani.

Niliporudi mwezi wa sita udongo ulikuwa umekauka ukajikunja, umeachana na chungu hata kidole kikapita. Majani yote yalikuwa chini. Nikakwaruza gome kwa ukucha: ndani palikuwa na kijani kibichi, chenye unyevu. Nikaapa sitautupa.

Lava ilikuwa imeharibu mabomba, kwa hiyo tulichota ziwani. Kila asubuhi chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ilipoleta bidoni (madumu ya maji), mti ulipata kikombe chake kabla sijagusa vyombo. Ukachipua, nikashangilia. Baada ya wiki chache majani yakageuka manjano, ila mishipa yake ikabaki kijani. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Manjano ikazidi. Nikaongeza samadi ya mbuzi, ncha za majani zikaungua.

Mwezi wa nane mzee jirani, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye shamba la kahawa, alipita kuomba kiberiti. Macho yake yakaenda kwenye chungu. Ukingoni kulikuwa na ukoko mweupe ambao mimi niliuona kila siku na kuuita vumbi. Aliukwangua kwa ukucha, akauonja kwa ncha ya ulimi, akatema.

“Binti yangu, huu mti unaulisha magadi.”

Nilikaa kwenye ngazi. Maji ya Ziwa Kivu ndivyo yalivyo, yana magadi, na hibiskusi inataka udongo wenye uchachu kidogo. Magadi yakijaa, chuma kimo udongoni lakini mizizi haiwezi kukichukua, ndipo jani linapauka huku mishipa ikibaki kijani. Shambani mvua ingeyasukuma chini. Ndani ya chungu barazani yanakaa palepale, na kila kikombe changu cha mapenzi kiliongeza mengine.

Mvua ya kwanza ya mwezi wa tisa mzee alisema tuiache ioshe mabati, kwa sababu ya majivu ya mlima. Iliyofuata tukaikinga. Aliung'oa mti taratibu, akaigusa mizizi mmoja mmoja: mweupe na mgumu abakize, wa kahawia na laini akate. Nusu ya udongo tulibadilisha, tukachanganya na vile vijiwe vyeusi vyepesi vya volkano ambavyo hapa kwetu hakuna kiwanja kisicho navyo, maji yapate njia. Akapunguza theluthi ya matawi. Kisha tukamwaga maji ya mvua hadi yatoke chini, mara tatu. Samadi akanikataza mpaka nione majani mapya.

Majani ya manjano hayakupona. Mapya yalitoka kijani. Desemba ua la kwanza likafunguka asubuhi, na kwa kuwa nilijua jioni litajikunja, siku hiyo sokoni sikwenda.

Nilitaka kuwaambia wasomaji wenzangu wasitupe mti kamwe. Lakini nakumbuka hibiskusi ya njano niliyoinunua baadaye. Gome lilikuwa la kahawia hadi shinani, mizizi myeusi na inanuka, nami nikaendelea kuimwagilia miezi mingi maji ya mvua ambayo jirani mwenye mtoto mchanga angeyahitaji. Ule haukuwa utunzaji. Ilikuwa ni kukataa kukubali.

Basi jibu langu: kwaruza kuanzia juu ukishuka. Ukifika chini kabisa hujaona kijani, nunua mwingine, wala usione haya. Ukikiona, kata vijiti vya kupanda kwanza, ndipo uhangaike na mama yao. Nasema hivi kwa sisi wa maji ya ziwa. Anayetumia maji ya mvua atafute kosa kwingine: tundu la chini ya chungu, au wale wadudu weupe kama pamba nyuma ya majani, ambao maji ya sabuni yanawaondoa. Na mti ulioachiwa na marehemu una sheria yake, huo siwezi kumwamulia mtu.

Vijiti vinne vya ule wa mama viko dirishani, kwenye bidoni iliyokatwa nusu. Viwili vimeshatoa majani. Kimoja ni cha mzee.