Wimbo gani wa fidla unafaa kwa dansi ya kontra

Kabla ya kuusifu wimbo kwa utamu, uhesabu kwanza. Dansi ya kontra, ile ya mistari miwili ya watu wanaotazamana iliyoshamiri New England huko Marekani, inakwenda kwa mapigo 64, kila pigo hatua moja. Wimbo unaofaa una sehemu A na sehemu B, kila moja mapigo 16, na kila moja hupigwa mara mbili. Nyimbo kadhaa za Québec na za milima ya Appalachia ni tamu mno, ila zina pigo lililozidi au kupungua. Ukipiga moja ya hizo, muziki utakuwa umeshaingia B huku wachezaji bado wanamalizia A, au kinyume chake. Hizo ni za kukaa na kusikiliza.

A na B zisifanane. Mchezaji aliyepotea hujipata kwa sikio, na sehemu zikifanana hana pa kushika.

Kisha muulize anayetangaza hatua: B ya kwanza ina nini? Mara nyingi wawili husogeleana na kurudi kwa mapigo 4, halafu huzungushana kwa 12. Hapo tafuta B inayoanza na noti mbili nzito zenye nafasi kati yake, mguu upate pa kukanyaga. Ikianza na noti ndogondogo za mfululizo, kile kishindo cha ukumbi mzima kukanyaga pamoja hakisikiki. Lakini watu wanne wanapopishana kama miyaa inayosukwa ukili, mapigo 16 bila kusimama, noti hizohizo ndizo zinazowabeba.

Mwendo uwe mapigo 112 hadi 120 kwa dakika. Kwa 116, raundi moja ya mapigo 64 ni kama sekunde 33, na raundi 15 zinapita dakika 8. Wimbo mmoja hauwezi kubeba muda huo. Unganisha nyimbo tatu, kila mmoja mara tano. Anza na wimbo wa ufunguo wa G, nenda D, maliza na A (hapa ni ufunguo, yaani noti ambayo wimbo umejengwa juu yake, si sehemu A), maana fidla hung'ara zaidi kwenye A na miguu huitikia papo hapo. Kushuka kutoka A kwenda G hupooza ukumbi. Mtajie mpiga piano ufunguo unaofuata mnapoingia B ya mwisho. Ukimtajia mkishavuka, noti zake za kwanza zitagongana na fidla, na pigo la kwanza la sehemu A ndilo wachezaji wote wanalolisubiri.