Kona ya Mpulizaji: Mwalimu wa bendi ya jazi naye afundishwe wapi?

Barua tatu za mwezi huu zinanukia chungu kimoja, nikaona nizipakue pamoja. Kwa msomaji mgeni: mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Ngamiani, Tanga. Ujanani nilipuliza saksafoni alto kwenye madansi, kisha nikafundisha bendi za shule mpaka meno ya mbele yaliponisaliti.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Jiografia katika sekondari moja hapa Tanga mjini. Mwaka jana wahisani walituletea saksafoni tatu, tarumbeta mbili, tromboni moja, dramu na gitaa la besi. Mkuu wa shule anataka "bendi ya jazi" kabla ya mahafali ya kidato cha nne, na kwa kuwa niliwahi kupiga gitaa kanisani, mzigo nimetwishwa mimi. Wazee wakisikia jazi wananiambia niwapigie nyimbo za Atomic, bendi ya dansi ya zamani ya hapa. Kwenye intaneti naona Wamarekani wamevaa tai, wako kumi na saba, kitu kingine kabisa. Jazi ni ipi? Na mtu kama mimi anasomea wapi kazi hii?
Mwalimu wa Jiografia, Chumbageni

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Pole kwa mzigo, lakini wengi wetu tulianza hivyohivyo. Mimi nilikabidhiwa bendi kwa sababu nilikuwa mwalimu pekee mwenye ufunguo wa stoo.

Wazee hawajakosea, na intaneti nayo haijakosea. Huku kwetu neno jazi lilipofika lilikuwa na maana ya bendi ya kisasa, ya dansi. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa 1932, na wala haikuwa ikipiga muziki wa New Orleans. Baadaye zikaja santuri za GV zenye rumba ya Kuba, na magitaa yakaanza kusukana. Tanga ya miaka ya 1960 ilikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na mtu alichagua upande kama anavyochagua timu ya mpira. Humo Jamhuri ndimo walimopitia ndugu wawili wa ukoo wa Kinyonga, ambao baadaye Kenya iliwajua kwa jina la Simba Wanyika. Na hata kabla ya hapo mji huu ulikuwa ukipuliza: watu wa vikundi vya Marini na Arinoti walishindana kwa beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi, wakatembea barabarani na sare zao. Kwa hiyo mzee akikuambia "jazi ni Atomic," mwitikie kwa heshima. Anajua anachokisema.

Hiyo ya tai ni bendi kubwa ya Kimarekani: saksafoni tano, tarumbeta nne, tromboni nne, halafu piano, gitaa, besi na dramu. Ndiyo hao kumi na saba uliowahesabu. Mambo yake makuu ni mwendo wa swingi, blues, na mpigaji kubuni papo kwa papo bila kuandikiwa. Wewe una wapulizaji sita. Usihangaike kutafuta wengine. Watu sita wanaosikilizana watakutosha hadi mahafali na zaidi.

Sasa masomo. Marekani kazi yako hii ina mafunzo yake maalumu. Jazz at Lincoln Center ya New York, iliyoongozwa kwa miaka mingi na mpiga tarumbeta Wynton Marsalis, ina mpango unaoitwa Essentially Ellington ulioanza katikati ya miaka ya 1990. Shule za sekondari hupewa nakala za muziki wa Duke Ellington, mtunzi na kiongozi wa bendi kubwa, bila malipo, na walimu wa bendi wana chuo chao cha siku chache. Kuna pia Jazz Education Network, iliyoundwa 2008, ambayo walimu wake hukutana kila mwaka. Huna haja ya nauli ya ndege kujua wanachofanya, maana Jazz at Lincoln Center wameweka video nyingi za bure, wapigaji wenyewe wakionyesha mkono unakaa wapi.

Kinachonivutia kwao ni namna ya kufundisha. Mkufunzi hasimami kusoma makaratasi. Huletwa bendi ya wanafunzi ukumbini, walimu wanaketi na daftari, na yeye anaifanyisha mazoezi mbele yao. Anasimamisha bendi, anaimba kipande kwa mdomo, wanarudia. Walimu wanaona kosa linavyosikika na linavyoondolewa. Pengine mwalimu wa tarumbeta anakalishwa kwenye dramu yeye mwenyewe ili ajue kwa nini mtoto wake wa dramu anachoka.

Linganisha na semina niliyoalikwa miaka ile, waandaaji siwataji. Waja leo waondoka leo, Tanga kunani! Asubuhi hotuba, saa nne chai na sambusa, mchana maelezo ya "umuhimu wa muziki kwa vijana", jioni cheti na posho. Chombo kilichopulizwa siku nzima ni filimbi ya mlinzi wa geti. Cheti ninacho bado, kimefunika tundu la dirisha.

Hapa nchini, kwa mtu mwenye kazi kama wewe, mahali pa kwanza ni TaSUBa, kile tulichokizoea kama Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa 1981. Kutoka Tanga unapita Segera, ukifika Msata unakata kushoto. Unguja kuna Dhow Countries Music Academy, ilianza 2002. Taarabu ndiyo sifa yake lakini sikio linalofunzwa pale linafaa popote. Anayetaka shahada ana Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Tumaini Makumira kule Arusha. Hata hivyo usitarajie kukuta darasa lenye kibao "Mwalimu wa bendi ya jazi ya shule". Utachukua nadharia huku na chombo kule, kisha uunganishe mwenyewe. Likizo ya Juni nenda hata kwa siku mbili tu, uombe kuketi nyuma ya chumba cha mazoezi na kutazama. Mimi nilijifunza zaidi nyuma ya vyumba vya watu kuliko mbele ya ubao.

Na mahafali hayakusubiri, basi tuanze Jumamosi hii. Siku ya kwanza usiwaite wapulizaji. Waite wa dramu na wa besi peke yao. Wa dramu atakuja na nguvu za dansi, mguu unapiga dramu kubwa mpaka vumbi la dari linashuka. Mwambie auondoe mguu huo kabisa. Mguu wa kushoto ufunge yale matuazi pacha kwenye pigo la pili na la nne, hilo tu, dakika tano nzima. Atakuona umechanganyikiwa. Kisha mkono wa kulia kwenye tuazi kubwa: ting, ting-ka ting, ting-ka ting. Asikuelewe? Huu ni mji wa baiskeli, mtoe nje. Tafuta baiskeli ya mzee yeyote iliyolegea pedali moja, aipande kuzunguka uwanja. Mguu mmoja unachelewa, mwingine unawahi: kaaa-ta, kaaa-ta. Swingi ni hiyo. Nilikuwa na kijana aliyeshindwa wiki tatu kwa maelezo yangu yote, akaelewa kwenye Phoenix ya baba yake kabla hajafika kona ya mwembe.

Besi atembee, noti moja kila pigo, nne kwa kila kipimo. Gitaa la kawaida, ukilipata, ndilo litakalokupa kazi, kwa kuwa kila kijana wa Tanga anayeshika gitaa anataka solo. Mwekee rekodi za Count Basie, kiongozi mwingine wa bendi kubwa ya Kimarekani. Mpiga gitaa wake Freddie Green alidumu na bendi hiyo kuanzia 1937 hadi 1987, na solo zake utazihesabu kwa vidole. Kazi yake ilikuwa kuchapa kodi moja, yaani noti kadhaa kwa pamoja, kwa kila pigo, kwa sauti ndogo, bendi nzima ikamwegemea. Kijana akikuuliza, "Sasa watu watanionaje?" mjibu, akinyamaza ndiyo watajua kwamba alikuwepo.

Wapulizaji waje wiki ya tatu, na wasipewe karatasi. Waimbie kipande, wakiimbe, ndipo wakipulize. Wape noti tatu tu kila mmoja ajibizane nawe, wewe unauliza, yeye anajibu. Mtoto aliyekulia kwenye kiitikio cha ngoma hahitaji kuelezwa hilo mara mbili. Mkuu wa shule akichungulia dirishani na kuona watoto wanatikisika, mtulize, hii siyo baikoko, ile ngoma ya kukata viuno.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Bagamoyo na shule imeniomba nianzishe bendi ya kupuliza. Nasoma sofa (do, re, mi) vizuri, lakini noti za mistari mitano zinanipiga chenga. Je, niache?
Dada wa Kwaya, Bagamoyo

JIBU: Usiache, dada. Tena una silaha ambayo wengi hawana.

Nikupe aibu yangu. Mwaka wangu wa pili wa kufundisha nilinakili wimbo kutoka kitabu cha kinanda, nikadurufu karatasi moja, nikaigawa kwa wote. Mazoezi nilifanya kwa makundi: tarumbeta Jumanne, alto Alhamisi, kinanda nilikipiga mwenyewe nyumbani. Kila kundi peke yake tamu kama halua. Ikafika siku ya wazazi, mara ya kwanza wote pamoja. Kinanda kikaanza na B-flati. Tarumbeta zikasoma B-flati ileile, zikatoa A-flati. Alto nazo zikaisoma, zikatoa D-flati. Mama mmoja mstari wa mbele alimziba mwanawe masikio kwa kanga. Mimi nikaongeza mwendo, nadhani nilitumaini tutaipita ajali kwa kasi.

Kosa ni kwamba vyombo vya kupuliza havikubaliani jina la noti. Tarumbeta na saksafoni tenori zikisoma C, inayotoka ni B-flati. Alto na baritoni zikisoma C, inatoka E-flati. Tromboni, besi, gitaa na kinanda husema kweli, zinachosoma ndicho kinachotoka. Sasa kwenye sofa do inahama, si ndiyo? Basi kila mmoja mpe do yake. Mkitaka kupiga blues katika B-flati, waambie wa tarumbeta na tenori: do yenu ni C. Wa alto na baritoni: do yenu ni G. Wengine: B-flati. Kuanzia hapo ninyi nyote mnazungumza do, fa na so, na ugomvi umekwisha. Wapiga gitaa watalalamika, wao raha yao ni G na D ambako nyuzi tupu zinasaidia. Waache walalamike, B-flati ni rafiki wa midomo ya watoto.

Na blues yenyewe ina vipimo 12 vinavyozunguka: vinne vya do, viwili vya fa, viwili vya do, kimoja cha so, kimoja cha fa, viwili vya do. Waimbishe wanakwaya wako besi ya mzunguko huo wakiwa wanafagia ukumbi. Wiki mbili tu, itawaingia damuni.

Mistari mitano ujifunze taratibu, maana siku moja utataka kusoma kazi ya Ellington mwenyewe na hakuiandika kwa sofa. Lakini wewe umekaa mlangoni pa TaSUBa! Mtu wa Korogwe anapanda basi alfajiri kufuata kilicho umbali wa bajaji kwako. Kaombe mwanafunzi wao akufundishe Jumamosi, naye aje kufanya mazoezi ya kufundisha kwa bendi yako. Kila mmoja atapata chake.

Jambo jingine, kwa kuwa uko pwani kama sisi. Chumvi ya bahari na jasho la watoto hunatisha vile vifuniko vya ngozi kwenye saksafoni, hasa cha G-shapu. Mtoto anabonyeza, noti haitoki, unamgombeza bure. Ingiza karatasi nyembamba ya sigara chini ya kifuniko, kibonyeze taratibu, uivute. Kamwe usimruhusu mtoto atie mafuta ya nazi. Aliyewahi kutia alikuwa mpwa wangu, na chombo kilinukia wali kwa mwaka mzima.

SWALI: Mwanangu ana miaka 13, amechaguliwa kupiga tarumbeta shuleni. Bibi yake anakataa, anasema kupuliza kutamtia mshipa. Mwalimu wao naye hana jibu. Tufanyeje?
Mama wa Mpulizaji, Pangani

JIBU: Mama, mpe bibi salamu zangu. Mtoto mzima wa afya hana sababu ya kuogopa, mradi afundishwe kupumua kwa tumbo na si kukaza shingo mpaka mishipa isimame. Kama tayari ana ngiri au pumu, apite kwa daktari kwanza, hilo halina mjadala. Mwalimu amwanzishe kwa dakika kumi, apumzike dakika kumi. Mdomo ukianza kuwasha siku hiyo basi. Mwalimu anayemlazimisha mtoto kupandisha noti za juu mwezi wa kwanza ndiye wa kuogopwa, na huyo umwambie nimesema mimi.

Na yale maji yanayotoka kwenye tarumbeta si mate matupu, sehemu kubwa ni mvuke wa pumzi uliopoa ndani ya bomba. Ayamwage nje uani, siyo kwenye mkeka wa bibi.