Risasi ya Mwisho Inapokwama, Tupa Si Dawa

SWALI: Nina bunduki ya kuwindia aina ya Mauser, ya risasi 9.3×62, iliyokuwa ya marehemu baba na ambayo sasa ina leseni kwa jina langu. Kwa kuwa uwindaji ulipigwa marufuku Kenya tangu mwaka 1977, huitumia Tanzania kwa vibali. Risasi nne za kwanza huingia vyema, lakini ya tano huinamisha kichwa na kukwama. Fundi mmoja wa hapa Mombasa anataka kuipiga tupa njia ya risasi, yaani sehemu ambayo risasi hupitia ikitoka chini kwenda kwenye mtutu, ili iteleze. Nimkubalie? – Msomaji, Nyali.

JIBU: Usimkubalie, na tafadhali usimwachie bunduki hiyo hata kwa saa moja.

Maelezo yako yenyewe yanaitetea njia ya risasi, kwa sababu ingekuwa mbovu ingezisumbua risasi zote tano. Magazini, yaani kisanduku cha kuwekea risasi, ikijaa, springi huwa imebanwa na husukuma kwa nguvu. Ikibaki risasi moja, springi imekunjuka na nguvu yake iko chini kabisa. Springi iliyochoka haiwahi kuiinua risasi hiyo kabla bolti, kile chuma unachosukuma kwa mkono kuingiza risasi, haijaifikia, ndipo bolti huikumba ikiwa bado imeinama. Hakikisha chemba, mahali risasi inapokaa tayari kupigwa, na magazini ni tupu, fungua kifuniko cha chini, uitoe springi, ule utepe wa chuma uliokunjwakunjwa, kisha utazame mikunjo yake. Kwa chumvi ya pwani yetu, hapo ndipo hukuta kutu, kwa kuwa kitambaa chenye mafuta hakipenyi ndani ya kona. Ukiona kutu imekula chuma, nunua springi mpya; kuivuta ya zamani ili irefuke ni kuipa nguvu ya siku chache tu. Tazama pia kibao kinachobeba risasi: kina mgongo ulioinuka upande mmoja, na aliyekisafisha akikirudisha kinyume, risasi haziketi inavyopasa.

Linaloniudhi kila mwaka ni imani kwamba bunduki inayokwama inahitaji kusuguliwa. Kwenye Mauser, kingo zinazoishika risasi hadi wakati wa kuiachia hazimo kwenye magazini. Zimechongwa ndani ya mwili wenyewe wa bunduki, kwa vipimo vya risasi yake. Otto Bock wa Berlin aliibuni 9.3×62 mwaka 1905 ili ienee kwenye bunduki hiyo hiyo, kwa hiyo umbo la risasi na umbo la kingo vinategemeana. Ukizipunguza kingo, risasi huchomoka mapema na kurukia juu, na chuma kilichotoka hakirudi. Isitoshe, Mauser nyingi za zamani zimekomazwa, yaani chuma chake kimefanywa kigumu, tabaka la juu tu, na ndani chuma ni laini zaidi, kwa hiyo tupa huondoa ngao yenyewe. Mafundi wa njia ya mkato hawayasemi haya kwa sababu hawayajui, na mteja huridhika kwa kuona chuma kinang'aa.

Wapo pia wanaoikwepa kero hii kwa kuitia risasi ya mwisho moja kwa moja ndani ya chemba kwa mkono na kuifungia bolti. Ukucha wa Mauser, kile kishikio cha bolti kinachovuta ganda nje, umeundwa kukipokea kitako cha risasi kikipanda kutoka chini. Ukilazimishwa kukirukia kwa mbele, huweza kuvunjika.

Ukishabadilisha springi, jaribu kwa risasi bandia zisizo na baruti wala fataki ya kuiwasha, na uvute bolti hadi mwisho kila mara. Tatizo likibaki, zipake ganda kwa kalamu ya wino mzito, uziingize polepole, na mikwaruzo itakuonyesha zinapogusa. Hapo mpelekee bunduki fundi aliyesajiliwa, kwani Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, hairuhusu mtu mwingine kufanya biashara ya kukarabati bunduki.

Niliwahi kuletewa Mauser ambayo kingo zake zilikuwa zimelainishwa kwa msasa hadi zikafanana na ukingo wa kijiko. Nilisukuma bolti taratibu, na risasi bandia ikaruka nje na kuanguka juu ya meza. Mwenyewe aliniomba nijazie chuma kwa kuchomelea. Nilikataa, kwa sababu moto huo ungeharibu ukomazo wa chuma mahali panapobeba mlipuko, sentimita chache kutoka usoni pake, nikamwandikia kwamba bunduki hiyo isipigwe tena.