Nachora kwa staili ya mtu mwingine, je mi ni mwizi?

SWALI: Shikamoo anko. Mi ni binti wa miaka 17 niko Tanga, nachora wahusika wa anime, zile katuni za Kijapani, tangu darasa la tano, peni ya bluu na penseli basi. Juzi niliposti mchoro, mhusika ninayempenda kuliko wote nimemvalisha kanga nimemkalisha barazani anakunywa kahawa, watu wakaupenda sana ila mmoja akakomenti eti sina changu, macho nimeyaiba kwa dada mmoja mchoraji. Na kweli anko, huyo dada namfuatilia na macho yake nilikuwa nayaangalia wakati nachora. Nimelia nikaufuta. Je niache kuchora mpaka nipate staili yangu mwenyewe? (Daftari la Bluu, Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiache hata siku moja. Ule mchoro kama bado unao urudishe, na chini yake uandike mhusika ni wa nani na macho umejifunza kwa nani, umtaje huyo dada kwa jina lake. Hapo deni umelilipa.

Sasa hayo macho makubwa unayoyapenda, unajua yametoka wapi? Mchoraji wa Japani Osamu Tezuka, aliyezaliwa 1928, tangu utotoni alikuwa anapenda mno katuni za Marekani za Walt Disney, akazitazama na kuzichora mpaka zikamwingia mkononi, halafu wachoraji wa Kijapani waliomfuata wakajifunza kwake, na wengine kwa hao, mpaka yamefika kwenye daftari lako Tanga. Huyo dada naye kayatoa kwa mtu. Hakuna aliyeamka asubuhi akayakuta mkononi.

Na huna haja ya kwenda Japani. Edward Saidi Tingatinga mzaliwa wa Tunduru, kabla ya kufika Dar alipita huko huko kwenu Tanga kwenye mashamba ya mkonge, akaanza kuchora kwenye 1968 hivi kwa rangi za kung'aa zile za kupaka baiskeli juu ya hadibodi. Akawaita ndugu na jamaa zake wakae chini wafundishwe, na walichofundishwa ni kuiga, unapaka mandhari kwanza, inakauka, unaweka chui, halafu madoa moja moja. Alikufa 1972 kwa risasi ya polisi, kachora miaka minne tu jamani. Wanafunzi wake wangesema staili ni ya marehemu tuiache, leo tusingekuwa na kitu kinachoitwa tingatinga, ila waliendelea na 1990 wakaunda ushirika wao, na jina la staili mpaka leo ni jina la mwalimu. Hilo ndo nakuambia kuhusu kutaja jina.

Mi mwenyewe nimekulia kwenye banda la kuandika vibao, fundi wangu alinipa picha ya kalenda akaniambia nipige miraba kwa penseli juu ya picha na miraba ile ile ila mikubwa kwenye ubao, uhamishe mraba kwa mraba. Nilikopi sura za watu mwaka mzima, vibao vya saluni, vya vinyozi, nikaona sijifunzi kitu. Baadaye sana nikaja kujua Vincent van Gogh, yule mchoraji maarufu wa Uholanzi, alifanya hivyo hivyo, 1887 akiwa Paris alichukua picha za Mjapani Hiroshige, moja ya mti wa maua, akaifuatisha kwenye karatasi, akapiga miraba, akaihamishia kwenye turubai kwa rangi za mafuta. Ila rangi akazikoleza zake, na pembeni akaweka fremu ya herufi za Kijapani. Ukiziweka picha mbili pamoja unajua mara moja ipi ya nani, na alikuwa anakopi kabisa!

Sasa namna ya kukopi ndo kwenye kazi. Chukua jicho moja tu la huyo dada, usichore uso mzima. Liangalie, kope ya juu mstari wake umeanza mwembamba ukanenepa katikati ukaisha mwembamba, ya chini karibu hakuna, na ile nukta nyeupe ya mwanga iko upande gani? Jiulize kwanini iko hapo, mwanga unatoka wapi. Lichore mara kumi. Halafu funika simu, mwambie mdogo wako akae mlangoni asubuhi jua likimpiga pembeni, uchore jicho lake kwa ule ule mstari uliojifunza, na hapo utakwama maana jicho la mdogo wako halikai vile, kope yake imelalia upande mwingine, itabidi uamue mwenyewe cha kufanya. Kile utakachoamua ni chako. Wiki inayofuata fanya hivyo kwa mchoraji mwingine, mikono labda, na mwingine tena mikunjo ya nguo. Ukijifunza kwa mtu mmoja tu utafanana naye, ukijifunza kwa ishirini hakuna atakayekuita kivuli cha mtu.

Kibaya ni hiki, na hapa sicheki na mtu: kuweka karatasi juu ya kioo cha simu ukafuatisha mchoro wa mtu halafu ukasema nimebuni, au kukata sahihi yake ukaweka yako. Kufuatisha kwa mazoezi kaa nayo kwenye daftari, haina shida. Wewe hujafanya hayo. Ile kanga na kile kikombe cha kahawa hakuna aliyekupa, umeviona barazani kwenu.

SWALI: Anko habari, niko Mombasa nachapisha fulana zenye wahusika wa katuni maarufu nauza, michoro nachora mwenyewe kwa mkono wangu. Kuna shida? (Fulana, Mombasa)

JIBU: Ndugu yangu shida ipo, na nakuambia mapema kabla hujaweka hela nyingi. Staili haina mwenyewe kisheria, ila mhusika anaye. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001, na ya Tanzania ya 1999 ni hivyo hivyo, inampa mwenye kazi haki ya kuinakili na kuiuza, kwahiyo kuchora kwa mkono wako hakukufanyi mwenye mhusika. Utasikia watu wanasema mbona Tokyo kuna soko kubwa la vitabu vya mashabiki, Comiket, lipo tangu 1975, ni kweli na kuna wachoraji wakubwa wametokea huko, ila pale wenye mali wengi wameamua kuvumilia, na uvumilivu si ruhusa, siku yoyote unaweza kwisha.

Michoro ya mashabiki itumie kuonyesha mkono wako, watu wakuone. Kwenye fulana weka wahusika wako, huyo kondakta wa matatu, mama wa mahamri, punda wa mji wa kale. Oda ya kuchora sura ya mtu na familia yake pia chukua, hiyo wala haina kesi na Mombasa harusi haziishi.